Katoni ya Mwanamke wa Mbau

Munganga wa Vifua hakuwa mtu wa salamu. Ukimfikia asubuhi na "jambo" yako mdomoni, yeye alikuwa amekwisha kunyosha kidole: "Fungula kinywa."

Aliketi kwenye kibao mlangoni mwa kituo cha afya cha mtaa wetu, hapa Butembo, na wagonjwa wa kifua kikuu walipita mbele yake mmoja mmoja. Aliwawekea vidonge kiganjani, wakameza kwa maji waliyokuja nayo, kisha wakafungua kinywa na kuinua ulimi, naye akachungulia mle ndani kama mtu aliyeangusha sindano. Hakubagua. Mke wa tajiri mwenye malori alichunguliwa, bibi kizee asiye na jino alichunguliwa. Katekista wa parokia yetu alipougua, alikataa katakata, akasema kinywa chake hukifungua namna ile mbele ya padri tu, wakati wa komunyo.

"Muzuri," Munganga akamwambia. "Kesho kuya na padri, atatushikia taa."

Katekista alifungua.

Naandika habari za mtu huyu nikiwa bado nimemkasirikia, na ni vema msomaji ajue hivyo tangu mwanzo. Kaka yangu mkubwa, ambaye nyumbani tulimwita Yaya, alikuwa mmoja wa waliopita mbele ya kile kibao. Kupona kwake au kutopona kulikuwa mikononi mwa mtu yule, na mtu yule alikuwa na kichwa kigumu kuliko kisiki cha mkaratusi. Miaka imepita, nimezeeka kidogo, na bado kuna siku nikiwa nashona namjibu kwa sauti, peke yangu, kama mwehu.

Mimi ni fundi cherehani. Baraza langu lilitazamana na mlango wa kituo, barabara ya vumbi ikiwa katikati yetu, na koti lake jeupe nililitia viraka mimi mpaka likawa na viraka vingi kuliko koti. Siku ya kwanza aliponiletea, alisimama kunitazama nikitunga uzi. Nikailowesha ncha ya uzi kwa mate, kama afanyavyo kila fundi. Aliruka.

"Mate! Weye unatia mate yako mu blouse yangu?"

"Munganga, ni uzi tu."

"Uzi tu. Na mate njo barabara ya vidudu. Bote banapita pale pale."

Akalichukua koti, akalipeleka nyumbani kulichemsha, akalirudisha siku iliyofuata likiwa bado na unyevu, ili nishone kwa uzi mkavu. Tangu hapo nilipomwona anavuka barabara nilificha kijiko cha maji chini ya meza, nikawa nachovya uzi humo. Alinifundisha hilo kwa kunichosha, na mafunzo yake yote yalikuwa hivyo.

Lakini mtu huyo huyo alilamba kidole! Kila alipotaka kutenganisha zile bahasha ndogo za karatasi za kutilia vidonge, kidole kilikwenda ulimini, pwa, kikarudi kwenye karatasi, pwa, kikarudi ulimini. Nilimwambia mara moja. Alikitazama kile kidole kana kwamba ni cha mtu mwingine, akaniambia nishone nguo. Kesho yake alikilamba tena. Alivuta ugoro pia, akipiga chafya zilizoamsha mbuzi, na papo hapo angemkemea mama anayekohoa bila kuziba mdomo. Siku za Jumapili alikunywa kasiksi na wazee, maana pombe ya ndizi aliipenda kuliko sisi tuliozaliwa nayo, ila hakugusa kikombe cha kuzungushana. Alikuja na gobeleti lake la bati mfukoni, akalitoa mbele ya watu bila haya. Wazee walimwona ana dharau. Kwetu, mtu anayekuja na kikombe chake kwenye pombe ni mtu anayedhani atalishwa sumu.

Na sumu ndiyo iliyokuwa adui wake mkubwa, kuliko hata ugonjwa. Butembo ni mji wa biashara, na mfanyabiashara akianza kukohoa na kukonda, hakuna anayesema kifua kikuu. Wanasema amelishwa kitu. Yaya alikuwa dereva wa lori, akienda na kurudi Kasindi mpakani, na alipoanza kukohoa alijua kabisa ni nani aliyemlisha: dereva mwenzake aliyempa mchicha na samaki siku fulani, wakisubiri forodha. Alikuwa amekwisha kunywa mizizi ya kutapisha kwa mganga wa huko Lubero, akatapika hadi nyongo, na kikohozi hakikutapikwa. Nilimvuta mimi mwenyewe kuvuka barabara.

Munganga hakubishana naye. Alimtemesha makohozi ya asubuhi, akayapaka kwenye kioo, akayapika kidogo juu ya moto wa spiriti na rangi zake, kisha akamwita darubinini. Alifanya hivyo kwa kila mgonjwa. Mimi pia niliinama nikatazama. Ulikuwa uwanja wa buluu, na ndani yake vijiti vyekundu, vyembamba, viwili viwili, vitatu vitatu, vimelala ovyo.

"Hii njo sumu yako," akamwambia Yaya. "Iko na bazazi, iko na batoto. Ule wa Kasindi hakukupa samaki mubaya. Alikukoholea tu, naye hajui. Umwambie aje."

Yaya aliinua kichwa kutoka darubinini. Halafu akasema, "Basi donc nilimuchukia bure." Juma lililofuata alimleta yule dereva kutoka Kasindi, naye akatema, naye akaonyeshwa vijiti vyake. Hapo nilimpenda Munganga. Nasema hivyo ili nisimdhulumu.

Hakuwa wa kwetu. Serikali ilimleta kutoka mbali, upande wa mto mkubwa, na vita vilipoanza, wenzake wa mikoa mingine wakaondoka, yeye akabaki. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota njiani, na akikasirika kilimtoroka, akaingia Kilingala moja kwa moja. Jambo hilo lilitutia hofu. Miaka ile Kilingala ilikuwa lugha ya waliobeba bunduki. Mama mzima akisikia "Yoka!", yaani sikiliza, nyuma yake, anaangusha kapu. Munganga hakulijua hilo, au alilijua na hakujali. Siku moja askari alikuja kituoni anakohoa, akataka apewe dawa pale pale, mbele ya wote. Munganga alimwambia kwa Kilingala chake cha nyumbani, taratibu, maneno machache. Askari akatoka nje, akaegemeza bunduki ukutani, akasimama nyuma ya yule bibi asiye na jino. Tulimtazama mtaa mzima. Zamu yake ilipofika, akainua ulimi.

Sasa nifike kwenye sheria yake, maana ndiyo iliyotuvunja.

Dawa za kifua zilitoka Beni. Mgonjwa alipoandikishwa, Munganga alimwekea katoni moja, akaijaza vidonge vya safari nzima, miezi minane, akaandika jina lake juu kwa kalamu nene, akaifungia katika kabati la mlango wa wavu. Katoni ile ilikuwa ya mtu yule, mpaka amalize. Bila katoni kamili hakumwanzisha mtu dawa, hata kama mtu mwenyewe amelala mlangoni anatema damu. Aliwaambia wagonjwa wote maneno yale yale, akipiga kiganja juu ya kabati: "Nyonso! Dawa ni nyonso, ao hapana kabisa!" Nyonso kwa Kilingala ni yote. Watoto wa mtaa walimpa jina hilo, wakamwimbia akipita.

Ukimwuliza sababu, alikupa hotuba. "Vidudu biko sawa na ba-rebelle," alisema kwa sauti yake yote, na waasi hao ndio walioushika mji, wakipita barabarani hatua chache kutoka pale. Mimi nilikuwa natamani kuingia chini ya cherehani. "Ukibapiga nusu, banakimbia mu pori. Banajifunza njia yako, banajua bunduki yako. Siku banarudi, hauna kitu ya kubapiga tena. Afazali usianze." Alikuwa na haki. Sikuwahi kusema hana haki. Mtu mwenye haki namna ile anaweza kukutia wazimu.

Miongoni mwa majina kabatini lilikuwamo la mwanamke mmoja wa Mbau, kule kwenye barabara ya kutoka Beni kwenda Oicha. Alikuja kwa shangazi yake hapa Butembo ili atibiwe, mwembamba mno, akikohoa mpaka anashika nguzo ya baraza langu ili asianguke. Sikuwahi kuzungumza naye zaidi ya pole. Alikuwa amemeza majuma machache tu ilipokuja habari kwamba mapigano yanakaribia kwao, na watoto wake alikuwa amewaacha huko kwa mama yake. Munganga alimkataza kuondoka. Alimfokea kwa Kilingala. Mwanamke akalia, akaondoka hata hivyo, na Munganga akamkimbilia hadi kituo cha magari na kifuko cha vidonge vya siku chache. Nyuma yake barabara ya Beni ikafungwa. Kutoka huko zikaja habari za nyumba kuchomwa na watu kukimbilia porini, na shangazi yake akaanza kusali rozari ya marehemu.

Barabara hiyo hiyo ndiyo iliyoleta dawa. Kwa hiyo katoni mpya hazikuja. Na ni katika majuma hayo, Yaya akiwa ameanza kunenepa usoni na kucheka tena, ambapo wifi yangu, mke wake, alianza kukohoa.

Alitema makohozi. Munganga akapaka kioo, akatazama, akaniita nitazame. Vijiti vilikuwemo.

"Katoni hapana," akasema. "Tungoje."

"Munganga, tungoje mpaka lini?"

"Barabara ikifunguka."

Nikamwonyesha kabati. Katoni ya mwanamke wa Mbau ilikuwa pale nyuma ya wavu, karibu imejaa, jina lake likitutazama. Nikamwambia kile ambacho mtu yeyote mwenye akili angemwambia: mwenyewe hayupo, inasemekana amekufa, dawa inakaa bure, na hapa kuna mama wa watoto wanne anayekohoa.

"Iko ya mutu," akasema.

"Mutu mwenyewe hayuko!"

"Ameanza. Mwenye ameanza njo mwenye dawa. Nikimupa wifi yako, na kesho ule wa Mbau anafika hapa, nitakuwa na bantu babili ba nusu. Ba nusu njo banaua quartier, mutaa muzima."

"Na akikosa kufika?"

"Nani amemuzika? Weye?"

Nilimletea mkuu wa mtaa. Nilimletea katekista, yule yule, ambaye sasa alikuwa amepona na angemfungulia Munganga kinywa hata njiani. Mkuu wa mtaa alisema kwa upole kwamba sisi hapa chakula cha mgeni ambaye hakufika hupewa mgeni aliyefika. Munganga akajibu kwamba hiyo ni kweli kwa sombe, yaani kisamvu. Nilimwambia kwamba angekuwa wa hapa asingetufanyia vile. Aliniangalia, akachukua koti lake juu ya meza yangu, nusu limeshonwa, sindano ikining'inia, akavuka barabara. Sikujuta. Hata sasa sijuti.

Siku zile risasi zilikuwa zikilia karibu na daraja, na watu wa upande wa pili wa mto hawakuweza kuja kumeza dawa kila asubuhi. Munganga akavunja kawaida yake moja: aliwagawia vidonge vya majuma mawili, wameze nyumbani. Yaya alikuwa akiishi ng'ambo. Alipewa vyake, akaapishwa, akaenda.

Hali ilipotulia, Munganga akapita nyumba kwa nyumba asubuhi mapema. Kulikuwa na kidonge kimoja katika vile vinavyoufanya mkojo kuwa mwekundu kama chai ya rangi, na yeye alikitumia kama mpelelezi. Aliingia katika kila ua akiomba kopo. Nilikuwa pale kwa Yaya nimeleta kaptura za watoto. Yaya akampa kopo lake. Mkojo ulikuwa na rangi, ndiyo, lakini rangi hafifu. Munganga akaligeuza kopo kwenye mwanga. Kisha akageuka taratibu kumtazama wifi yangu, aliyekuwa anachochea moto.

"Mama, na weye. Jaza kopo."

"Miye siko mugonjwa wako, Munganga," wifi akasema.

"Jaza."

Wake pia ulikuwa mwekundu, tena ukiushinda wa mumewe.

Munganga alikaa chini, kwenye udongo, na lile koti lake. Aliweka mikono kichwani kama mwanamke aliyepewa habari ya msiba.

"Mumegawa," akasema. "Mumegawa dawa sawa mukate."

Yaya hakujitetea sana. Alikuwa mtu wa maneno machache. "Munganga, mutu hapana kula peke yake, muke yake anaangalia. Anakohoa pembeni yangu. Mimi nimeze, yeye anihesabie? Siwezi."

"Ungemupa nyama! Ungemupa shuka yako! Dawa hapana! Te, te, te!" Na Kiswahili kikamtoroka. Alipiga kelele mpaka majirani wakajifungia, wakidhani ni askari. Halafu akalia. Nilimwona akilia, na kilichonijia kifuani hakikuwa huruma. Nilimwambia, "Katoni ungetoa, hawangegawa." Watu husema sikio la kufa halisikii dawa. Masikio ya Yaya yalisikia kila kitu. Moyo wake ndio haukuweza.

Barabara ilifunguka baadaye, katoni zikaja, mbili kati yake zikiwa na majina ya nyumba yetu. Wakaanza upya wote wawili, kila asubuhi mbele ya kibao, ulimi juu. Wifi akapona. Makohozi yake yalisafika kabisa, uwanja wa buluu mtupu. Ya Yaya yalisafika kidogo, kisha vijiti vikarudi, vikaongezeka. Wifi alinieleza siku moja tunafua, bila kuniangalia, kwamba katika kugawana kule Yaya alikuwa akijipa kidonge kimoja na kumwachia yeye viwili. Vidudu vyake vilikuwa vimejifunza njia.

Kulikuwa na dawa nyingine kwa watu kama hao, yenye sindano. Munganga aliiomba Beni. Alikwenda mwenyewe na chukudu ya watu, lile toroli la mbao la magurudumu mawili, maana magari yalikuwa yamesimama tena, akarudi na miguu imevimba na mikono mitupu. Akaenda tena. Yaya alifariki kabla ya safari ya tatu.

Kwenye matanga Munganga alikuja akakaa nje, mbali, kwenye kiti cha mwisho. Kasiksi ilipozungushwa nilimwona anakipokea kikombe cha wote, akanywa, akampa jirani. Gobeleti la bati halikutoka mfukoni. Watu walinong'ona kwamba ameonyesha heshima. Mimi nilitamani kumpokonya. Kikombe hakimrudishi mtu, na katoni ya mwanamke wa Mbau ilikuwa bado kabatini na vumbi lake.

Kisha kituo kiliporwa. Wenye bunduki walikuja mchana kweupe, wakabeba vitanda, magodoro, mabati, hata mlango. Darubini ilipita mbele ya baraza langu begani mwa mtu, kama kitoto kinachopelekwa kubatizwa. Munganga alitoka wa mwisho kwa dirisha la nyuma, tumbo limemvimba chini ya koti. Alipofika kwangu niliona kona ya katoni. Vidonge vya wagonjwa wengine alikuwa amewagawia wenyewe siku iliyotangulia, maana alinusa hatari. Yeye mwenyewe alikuwa na redio mle ndani na viatu vyake vya Jumapili. Aliokoa katoni ya marehemu wa Mbau.

"Nishonee kifungo," akaniambia.

Nilimshonea. Akaondoka kwa miguu kuelekea Beni, na nikasema moyoni, nenda, na usirudi.

Hakurudi. Vita viliisha kwa redio, vikaendelea kwa vitendo, vikaisha tena. Niliwashonea watoto wa Yaya sare za shule mpaka mkubwa akawa ananipita urefu. Mwaka mmoja binamu yetu wa Oicha alipata mchumba, nami nikaitwa kupeleka nguo za harusi. Gari lilipofika Mbau likapasuka gurudumu. Abiria tukashuka, tukatawanyika kwenye meza za barabarani, palipokuwa na makemba, zile ndizi za kupika, mawese na kakao iliyotandazwa kukauka.

Nyuma ya meza moja, kwenye kiti cha fito, alikaa mzee aliyefunika magoti kwa kikwembe. Nililijua koti kabla ya kumjua mtu. Kifungo changu kilikuwa bado kipo, cha rangi tofauti na vingine.

Aliniona. Hakunisalimu, bila shaka. "Wifi yako," akasema. "Anakohoa?"

"Hapana."

"Batoto?"

"Hapana."

Akatikisa kichwa, kama mtu anayeweka alama. Nilikuwa na maneno ya miaka yote tayari ulimini, nimeyapanga nikishona, na nilikuwa ninavuta pumzi ili niyatoe. Akageuka akaita ndani, "Mama, kuya usalimie. Huyu ni wa Butembo."

Akatoka mwanamke mnene, mrefu, mikono imejaa unga, anacheka kabla ya kujua anacheka nini. Sikumtambua. Alinipa kiwiko nikishike kwa sababu ya ule unga.

"Wa Butembo! Mimi pia nilimeza dawa pale, miaka ya vita. Nilikuwa mufu, mama. Nilikaa na batoto mu pori, nikatoka nikiwa mufupa tu. Bamefikisha mimi Beni, natema damu ku barabara. Na huyu mzee, leo anakaa hapa kwangu sawa muzazi wangu, siku ile anatoka centre moja kuingia ingine, carton ku mukono, anauliza jina yangu. Jina yangu! Mama yangu mwenyewe alikuwa ameisha kunililia. Yeye anasema, dawa yako ile hapa. Tukaanza ku mwanzo, yenye ilipunguka akanitafutia Beni. Nikamaliza yote." Akapiga kiganja juu ya meza, kama yeye alivyokuwa akilipiga kabati. "Nyonso!"

Watoto wawili walitokeza mlangoni, na wa tatu mdogo, aliyezaliwa baada ya hayo yote, amening'inia kwenye nguo ya mama yake.

Nilimtazama Munganga. Hakushusha macho, wala hakujisifu. Alikuwa akinisubiri, na nilijua kwamba nikisema, atakubali kila neno, mbele ya mwanamke huyu, na mwanamke huyu atajua katoni yake ilikuwa bei gani. Sijawahi kukasirika hivyo maishani, na sikuwa na mtu wa kumkasirikia. Angetoa katoni, Yaya angekuwa hai pengine, na huyu hapa asingekuwepo kunipa kiwiko. Nililigeuza hivi, nikaligeuza vile, halikushoneka.

"Na weye, mama," mwanamke akaniuliza, "mulijuana wapi na Munganga?"

"Nilikuwa nashona blouse yake," nikasema.

Munganga akatazama kando, kwenye kakao. Kidole chake kikaenda ulimini, kikapanda kupangusa jicho.

Dereva akapiga honi. Mwanamke akanitwika mkungu wa makemba, mkubwa, nikakataa, akakataa kukataa kwangu. Ni ya watu wa nyumbani, akasema, na mtu hali peke yake. Nikamwambia wasingya, asante ya kwetu, nikapanda.

Nilirudi Butembo baada ya harusi na ule mkungu. Wifi yangu akachukua kisu, akakaa kwenye ngazi kuyamenya, akanisifia jinsi yalivyoshiba, akauliza nani ametupa. Nilifikiria kumdanganya. Kisha nikamwambia: yule mwanamke wa Mbau, mwenye katoni.

Kisu kikasimama. Alikaa hivyo, ganda limening'inia, anatazama ukuta wa ua ambao Yaya aliujenga na hakuumaliza. Niliogopa angelitupa lile kemba.

"Anakohoa?" akaniuliza.

"Hapana. Alimaliza."

Akaendelea kumenya.